Kipimo Kinasoma 3600, Kona Hazikutani

SWALI: Nachora ramani za nyumba hapa Morogoro kwa AutoCAD. Nikichora chumba cha mita 3.6 kwa 4.2 naanzia kona ya chini kushoto, naelekeza mausi kulia, naandika 3600, nabonyeza Enter. Naelekeza juu, 4200, halafu kushoto, halafu chini. Kila ukuta nikiupima uko sawa, lakini kona ya mwisho haifiki kwenye ile ya kwanza. Inabaki nafasi kama sentimita mbili na nusu, na HATCH inakataa kujaza sakafu. Mwenzangu kaniambia nivute tu ncha zikutane, kisha niandike 4200 kwa mkono juu ya kipimo. Jambo lingine: kompyuta ya ofisini nikiandika 3600,0 mstari unakwenda vizuri, ya nyumbani unaruka kusikojulikana. Ni programu mbovu?

JIBU: Programu ni nzima. Huyo mwenzako ndiye wa kumwogopa, nitamrudia.

Nianze na habari ya kompyuta mbili kwa kuwa ni fupi. Ofisini F12 (Dynamic Input, kuandika namba pale penye mshale) imewashwa, nyumbani imezimwa. Ikiwa imewashwa, kila nukta baada ya ile ya kwanza inahesabiwa kuanzia pale ulipoishia, hata usipoandika @. Ikiwa imezimwa, 3600,0 ni nukta iliyo 3600 kulia na 0 juu kutoka kwenye sifuri ya mchoro mzima, na mstari wako unakimbilia huko. Jizoeze kuandika @3600,0 siku zote, utaelewana na kompyuta yoyote utakayoikalia. Siku ukihitaji kuhesabu kutoka sifuri huku F12 inawaka, tanguliza #. Hilo limekwisha.

Sasa hiyo nafasi ya sentimita mbili na nusu. Swali hili naletewa kila mwezi, na kila anayelileta anaapa kwamba vipimo vyake vyote viko sawa. Ni kweli, viko sawa. Shida ni kwamba umeiambia programu urefu, mwelekeo ukauachia mkono wako. Unapoelekeza mausi kulia na kuandika 3600, mstari unachorwa kuelekea pale hasa mshale ulipokuwa ulipobonyeza Enter. F8 (Ortho, inayolazimisha mstari ulale au usimame wima) ikiwa imezimwa, na F10 (Polar, inayounasa kwenye pembe maalumu) nayo imezimwa, hakuna kinachounyoosha. Jicho lako linaona mstari umelala. Mkono ulipanda kwa digrii 0.4.

Digrii 0.4 kwenye skrini huioni hata ukivaa miwani ya babu. Lakini mwisho wa ukuta wa 3600 umepanda milimita 25. Ukuta wa kulia ukaanzia hapo, ukapanda 4200 zake kamili, wa juu ukarudi kushoto 3600 zake kamili, wa mwisho ukashuka 4200 kamili, ukaishia milimita 25 juu ya kona ulikoanzia. Kuta nne zenye urefu sahihi, chumba hakifungi.

Kinachoniudhi ni jinsi skrini inavyoshiriki kuficha. Kipimo cha mlalo cha ukuta huo ni 3599.91. Umeweka vipimo vyako visionyeshe desimali, kama tufanyavyo wengi, kwa hiyo unasoma 3600. Ukiangalia pembe, nayo kwa kawaida inaonyeshwa bila desimali, kwa hiyo unasoma 0. Namba mbili zote zinakuambia uko salama. Andika LIST, uchague ukuta wa kwanza, halafu usiangalie urefu. Angalia Delta Y, yaani ncha moja imepanda kiasi gani kuliko nyingine. Ukuta uliolala unatakiwa usome 0 pale. Wako, kama nilivyokadiria, utasoma 25 na ushee.

Kwa hiyo futa kuta hizo. Usizirekebishe, zifute. Chora upya kwa @3600,0 kisha @0,4200 kisha @-3600,0 kisha @0,-4200. Au washa F8 uendelee na mtindo wako wa kuelekeza na kuandika, si dhambi. Ukuta uliopinda kwa makusudi, tuseme digrii 30, andika @3600<30, ukikumbuka kwamba digrii zinahesabiwa kutoka kulia kwenda kinyume na mshale wa saa. Mstari wa mwisho usiufunge kwa C. Najua kila fundisho la mtandaoni linasema tumia C. C inafunga chochote ulichokichora, kiwe kimenyooka au kimepinda, na hivyo inakunyima nafasi ya kujua. Andika kipimo cha nne mwenyewe uone kama kinatua juu ya kona ya kwanza.

Halafu pima ulalo kwa DIST, amri ya kupima umbali, kona kwa kona, mara mbili. Chumba chako kinatakiwa kitoe 5532 pande zote. Ukivuta ncha kama alivyokushauri mwenzako, ulalo mmoja utasoma 5532 na mwingine 5551. Fundi wa msingi asiyejua hata kuwasha kompyuta hufanya kipimo hikihiki kwa futi kamba baada ya kupiga 3-4-5, ile pembetatu ya kupata kona ya mraba, kwa sababu anajua kwamba pande nne zenye urefu sahihi hazitoshi kuleta pembe mraba. Sijui kwa nini tukikaa mbele ya skrini tunalisahau.

Na mlango, maana najua ndilo litakalofuata: usichore mstari kwenye kona kisha kuusogeza kwa macho. Toa amri ya LINE, andika FROM, bofya kona, kisha @100,0. Utaanzia milimita 100 kamili kutoka kwenye kona. Hapo @ usiisahau hata kama F12 inawaka.

Nirudi kwa mwenzako. Kipimo kwenye AutoCAD si maandishi, ni programu inakupimia kile ulichochora. Ukiandika 4200 juu ya ukuta wa 4225, ukuta haujafupika. Umeizuia tu programu isiseme. Kesho utarefusha ukuta huo nusu mita, na kipimo kitaendelea kusoma 4200, kwa kuwa umekiamuru kisome hivyo. Na milimita 25 si ndogo kama unavyofikiri. Chumba cha 3600 kwa 4200 kinameza vigae vya sentimita 60 sita kwa saba, bila kukata. Mwaga milimita 25 upande mmoja, fundi vigae atakuta kabari inayoanza na sifuri na kuishia na upana wa kidole gumba. Panga vyumba vinne kwenye mstari uleule uliopanda, mita 14.4, na mwisho wa nyumba umepotea kwa sentimita 10. Hapo mwambie fundi wa kenchi akusaidie.

Ukipokea faili la mtu, bofya kipimo kimoja kimoja ufungue Properties. Kuna mstari wa Text override na mstari wa Measurement. Ule wa kwanza ukiwa na namba, kuna mtu aliandika kwa mkono. Ifute, kipimo kitasema ukweli wake. Mimi hufanya hivyo kabla hata ya kuuliza faili limetoka wapi, kwa sababu siku hizi ramani zinauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwa bei ya kuku wawili. Muuzaji anaokota ramani ya watu, anaivuta ienee kwenye kiwanja chako, anaandika vipimo vipya juu ya vya zamani, anageuza jina la mteja. Hakuna mhuri wa msanifu aliyesajiliwa AQRB, bodi ya usajili wa wasanifu majengo, hakuna wa kumuuliza.

Nimewahi kuitwa kwenye kiwanja kimoja Kibaha chenye ramani ya namna hiyo. Vipimo vya ndani, pamoja na kuta za tofali la inchi sita, vilikuwa 150, 3600, 150, 3000, 150, 3600, 150. Jumlisha: 10,800. Kipimo cha nje cha upande huohuo kimeandikwa 10,650. Ukuta mzima umepotea kwenye karatasi. Fundi alikuwa ameshafunga mbao za profaili, uzi umevutwa, futi kamba mkononi, akaniuliza, "Mhandisi, nifuate ipi?" Nikamwambia mimi si mhandisi, na asifuate yoyote hadi mchoraji apatikane. Mwenye nyumba akapiga simu palepale. Haikupokelewa. Wiki iliyofuata nilisikia wamechimba kwa 10,650. Nyumba ilipokwisha, korido ilibana kiasi kwamba kitanda kilipitishiwa dirishani kabla ya nondo za dirisha kufungwa.