Ngoma au Ngome?

Swali: Kijiji chetu cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi, jina lake latokana na ngoma za zamani au ngome? Barazani hatuelewani.
Msomaji, Ngomeni

Jibu: Ni ngome, ndugu msomaji, na ushahidi umo ndani ya jina lenyewe. Toa -ni ya mahali, utabaki na ngome. Kiambishi hiki hakigusi irabu inayokitangulia, kwa hiyo ngoma ingezaa Ngomani. Kinachohama ni mkazo tu: NGO-me huwa ngo-ME-ni.

Mitaa ya Amu (Lamu) nayo husomeka hivyo hivyo: Langoni ni penye lango, Mkomani ni penye mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi ambao shina lake hugawanyika panda. Asiyeujua mkoma atakwama hapo, maana atatafuta kitenzi “koma” na kuzua kisa. Basi ulizeni kwanza majina ya miti, visima na majengo.

Tahajia za wageni msizitegemee sana. Wareno waliofika mwaka 1498 waliiandika Malindi “Melinde”. Matamshi ya wazee wenu yana uzito zaidi. Yaandikeni sasa, silabi kwa silabi.