Hongo juu ya mnazi, na maswali yenu mengine

Tangu niandike kuhusu hongo, yule nyoka wa kijani mwenye sumu kali, aliyeonekana kwenye mkorosho wa jirani yangu hapa Pongwe, Tanga, simu yangu haipumziki. Nachukua maswali machache.

Mzee, shikamoo. Je, ni kweli hongo akizeeka ndiye huyo huyo koboko? (Muheza)

Marahaba. Si kweli, ingawa ni ndugu wa ukoo mmoja. Hongo mchanga ana kijani cha kuelekea buluu. Akikua anakuwa kijani kibichi kama jani la mgomba, na hivyo hivyo mpaka afe. Wengi huishia mita mbili hivi. Koboko anaweza kufika mita nne, na ingawa Kiingereza humwita black mamba, yaani mamba mweusi, wala si mweusi: mwili wake ni wa kijivu au rangi ya udongo, weusi uko ndani ya kinywa. Yeye ni wa nyika na vichuguu. Hongo ni wa misitu ya pwani, na kwa bahati mbaya haoni tofauti kati ya msitu na shamba lako la miembe.

Mimi ni mkwezi, Kigombe. Nimekutana naye mara mbili kileleni. Ananivizia? (Kigombe)

Anayeviziwa si wewe, ni ndege, makinda, popo na panya wanaofuata nazi. Kule Gede, pwani ya Kenya, watafiti waliwafuatilia hongo kwa vifaa vya mawimbi ya redio wakakuta wanasogea mita chache tu kwa siku. Anatulia tawini kama ung'ong'o mbichi akingoja chakula kipite. Akikusikia, kwa kawaida huondoka. Taabu ni kwamba mnazi una njia moja ya kushuka, na wewe uko katikati yake.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mkwezi. Kabla ya kupanda alipiga shina kwa ubapa wa panga mara tatu, akarudi nyuma, akatega sikio. Hakuwa anamsikiliza nyoka, alikuwa anawasikiliza ndege shore. Wakipiga kelele sehemu moja bila kuondoka, alibeba kamba yake akaenda mti mwingine, hata kama mwenye shamba ananung'unika. Mpaka leo nikisikia ndege wanagomba juu ya mti, nasimama.

Mwanangu kaua nyoka wa kijani bafuni. Alikuwa hongo? (Chumbageni)

Kwa maelezo yako, mwembamba kama kidole na urefu usiofika mita, nadhani mmemuua mla vyura asiye na sumu. Maskini. Lakini usizoee kukisia, kwani kuna kijani wa tatu: kichwa kifupi, macho makubwa ajabu, na meno ya sumu yako nyuma ya kinywa. Afrika Kusini wanamwita boomslang, yaani nyoka wa mtini. Sumu yake huharibu mgando wa damu, na inakwenda polepole kiasi cha kumdanganya mtu. Mwaka 1957 mtaalamu mkubwa wa nyoka, Karl Schmidt wa Chicago, aligongwa na kinda wa nyoka huyo. Akaona si jambo kubwa, akawa anaandika daftarini hali yake ilivyo. Kesho yake akafariki.

Jiwe la nyoka, mafuta ya taa, kuchanja kwa wembe: kipi bora? (Pangani)

Hakuna. Sumu ya hongo huvuruga mawasiliano ya neva na misuli. Mtu anavimba, anashindwa kumeza, kisha kupumua. Jiwe haliifikii. Kamba ya kukaza huozesha mguu, wembe huongeza jeraha. Mlaze, mvue pete na bangili kabla hajavimba, kifunge kiungo kwa ubao kama cha aliyevunjika mfupa, kisha gari. Piga simu njiani kuuliza hospitali gani ina dawa ya kuzuia sumu, maana si kila moja inayo. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017 tu, nasi tunaofia shambani tulijua zamani.

Babu, kuna nyoka mwenye upanga kama jogoo na anawika? (Lushoto)

Hadithi hiyo niliikuta na nitaiacha. Wapo wanaodhani upanga ule ni mabaki ya gamba lililokwama kichwani wakati wa kujivua, kuwika hakuna. Lakini milimani kwenu yuko mwenye pembe kweli, na hapatikani nje ya Tanzania: kipiribao mdogo wa miti, hafiki sentimita 60, magamba yamesimama juu ya kila jicho kama nyusi za mzee mkali. Ana sumu. Yuko Usambara, Uluguru na Udzungwa, hukaa vichakani karibu na ardhi, hivyo ukipita msitu wa Amani usishike tawi kabla ya kulitazama.

Nimekutumia picha niliyopiga usiku. Huyu ni nyoka gani? (Makorora)

Mpira wa kumwagilia bustani. Nimeikuza mpaka nikaona kiungo cha bomba.