Sauti kukatika mwanzo wa kila slaidi
Mwalimu, umeuliza kwa nini somo unalorekodi kwenye PowerPoint (programu ya slaidi) linakatika sauti: maiki yako ni nzima. PowerPoint hairekodi sauti wakati slaidi inabadilika, ndiyo maana neno la kwanza linamezwa: umesema "Mzabibu hupogolewa", wanafunzi wanasikia "hupogolewa" tu. Bonyeza kwenda slaidi inayofuata, nyamaza sekunde 2 mpaka slaidi itulie, ndipo uongee. Au ondoa kabisa zile mbwembwe za kubadilisha slaidi, hazimfundishi mtu chochote. Usirudie somo zima, sauti huhifadhiwa kwa kila slaidi peke yake. Rekodi upya zilizoharibika tu. Na funga dirisha, upepo wa Dodoma ukishaingia kwenye maiki kuutoa ni kazi.

Kisha File, Export, Create a Video, chagua 480p, yaani ubora wa chini wa picha. Faili linakuwa jepesi kwa wanafunzi wa Kondoa na Mpwapwa wanaosomea kwenye simu kwa bando la siku, ila maandishi yawe makubwa, pointi 28 kwenda juu.

Angalizo: ukishageuza kuwa video, vitufe vya maswali ya kubonyeza vinakufa. Kata video kabla ya swali, swali lenyewe liweke kwenye Google Forms (fomu ya maswali ya mtandaoni), halafu jibu lianze video inayofuata.