Betri imenikatia bolti

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Nimenunua mashine ya betri ya kufungia nati. Juzi nafunga tairi, bolti ikakatika. Betri ina nguvu mno? (Dereva, Wete)

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Betri haina kosa, kosa ni la kidole chako. Ile mashine hugonga kama nyundo; ukiendelea kubana swichi, bolti inazidi kuvutika mpaka inakatika. Mimi mwenyewe hapa Chake nilikata mbili asubuhi moja, mwenye gari kasimama ananitazama tu.

Anza kwa vidole, nati iingie mizunguko mitatu minne bila kulazimishwa. Ikikwama, piga brashi ya waya. Hewa yetu ya chumvi inakula meno ya bolti. Kisha mashine kwa mwendo mdogo, mguso tu, ukiruka nati kwa nati zinazotazamana. Teremsha jeki, malizia kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu hiyo), lakini tazama kitabu cha gari lako.

Na boksi zile zinazong'ara, za kushikia nati? Ziache, hupasuka vipande. Tumia nyeusi nene, na miwani uvae. Ya jua si miwani hiyo.