Damu ya vitovu viwili katika mwili mmoja: majibu kwa wasomaji

Kwa nini mgonjwa mmoja apewe damu ya vitovu vya watoto wawili?

Damu inayobaki katika kitovu mtoto anapozaliwa ina seli zinazoweza kutengeneza damu mpya, na hupandikizwa kwa mgonjwa ambaye uboho wake umeharibika au una ugonjwa kama saratani ya damu. Damu ya kitovu kimoja huhifadhiwa katika mfuko mmoja, na sababu ya kutumia miwili ni uchache wa seli. Kwa kawaida hutakiwa angalau seli milioni 25 zenye kiini kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Mtoto wa kilo 15 hutoshelezwa na mfuko mmoja, lakini mtu mzima wa kilo 80 anahitaji seli bilioni 2, kiasi ambacho mifuko mingi haifikii. Upandikizaji wa kwanza wa damu ya kitovu, uliofanyika Paris mwaka 1988, ulimhusu mtoto.

Kinga tatu tofauti, ya mgonjwa na za watoto wawili, zinawezaje kuvumiliana?

Kinga ya mgonjwa hudhoofishwa kwanza kwa dawa kali au mionzi, isije ikazikataa seli ngeni. Seli T za kitovu, yaani askari wa kinga wanaotambua na kuua seli ngeni, nazo karibu zote hazijawahi kupambana na kimelea chochote, na zimetoka katika mwili wa mtoto aliyeishi tumboni kwa kuvumiliana na seli za mama yake. Ndiyo maana ulinganifu wa alama 4 kati ya 6 za HLA (alama za juu ya seli ambazo kinga hutumia kutambua kilicho chake na kigeni) hukubalika, ilhali uboho wa mtu mzima asiye ndugu hudai ulinganifu wa karibu zaidi.

Hata hivyo, damu hizo mbili hazipatani. Vipimo vya DNA vya wiki za mwanzo huweza kuonyesha seli za watoto wote wawili, lakini ndani ya miezi mitatu hivi kwa kawaida hubaki za mmoja, kwa kuwa seli T za mshindi huzitambua za mwenzake kuwa ngeni na kuziangamiza. Uvumilivu wa kudumu hujengeka kati ya mshindi huyo na mwili wa mgonjwa: seli T mpya hukomaa katika tezi ya thaimasi ya mgonjwa, na zile zinazoelekea kuushambulia mwili huondolewa humo. Kwa hiyo wengi huachishwa dawa za kutuliza kinga baada ya miezi kadhaa, tofauti na waliopandikizwa figo.

Mwanangu ana lukemia (saratani ya damu) na mfuko mmoja unamtosha. Je, wa pili utamsaidia?

Hapana. Utafiti wa watoto na vijana 224 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona tofauti ya maana katika idadi ya waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja. Waliopewa mfuko mmoja walirejesha mapema chembe za kugandisha damu, na wachache zaidi kati yao walishambuliwa vikali na seli za mchangiaji. Kwa maoni yangu, kuongeza mfuko pasipo haja ni kumtwisha mtoto hatari ya bure.

Damu ya kitovu imeshika na kuanza kutengeneza seli mpya, mbona ndugu yangu anaendelea kupata maambukizi?

Uchanga uleule unaozifanya seli za kitovu ziwe vumilivu huzifanya pia zichelewe kuvikabili virusi, hasa saitomegalovirusi. Atahitaji kupimwa mara kwa mara kwa miezi mingi, na baadaye kurudiwa chanjo za utotoni kwa ratiba ya daktari wake.