Unataka Kugundua Asteroidi? Soma Hapa Kwanza

Msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nipe njia ya mkato, na mimi nigundue asteroidi yangu." Asteroidi ni mwamba unaolizunguka Jua, na njia ya mkato ya kuipata haipo, nakwambia mapema. Ila kwa kuwa wiki hiihii kitone nilichokiripoti kimepata utambulisho wa muda, yaani mwaka na herufi zake, niacheni nijisifu kidogo.

Unapewa picha nne za kipande kilekile cha anga, zimepigwa kwa kupishana dakika kadhaa, na programu inazipitisha harakaharaka. Nyota hazitikisiki, unachotafuta ni kinachosogea. Changu kilikuwa hafifu kweli, kikijongea pikseli chache tu kuelekea kushoto, na kwenye picha ya tatu kilipita ubavuni mwa nyota kali kikataka kumezwa. Wenzangu wa kundi letu la kusaka wakasema ni hitilafu ya kamera. Kiongozi wa kundi ndiye aliyecheka kuliko wote, na ripoti ilipokubaliwa jina lake ndilo likatangulia! Haya, yamepita. (Hayajapita.)

Hitilafu ya kamera huruka ovyo. Asteroidi ya ule ukanda ulio kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii hufuata mstari, hatua zake zinalingana. Kagua hilo. Ukimaliza, kagua tena.

Mnaokata tamaa upesi, someni habari za Karl Ludwig Hencke. Asteroidi iitwayo Vesta ilipopatikana mwaka 1807, msako ulipoa, wengi wakaona zimekwisha. Hencke, mtu wa posta, akaanza kusaka mwaka 1830, na Desemba 1845 akaipata Astraea. Miaka 15, ndugu zangu, na nyinyi jioni moja tu mmeshachoka! Kiongozi wetu angemcheka naye.

Tena msidhani ukishaona umemaliza. Mwanaastronomia Giuseppe Piazzi aliiona Ceres, ya kwanza kabisa kupatikana, kule Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801, akaifuata wiki chache, kisha ikapotelea kwenye mng'ao wa Jua. Hesabu za mwanahisabati Carl Friedrich Gauss ndizo zilizoonyesha pa kuitafuta, ikapatikana tena mwisho wa mwaka uleule. Changu nacho lazima kionwe tena miaka ijayo, mzingo wake, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, ujulikane barabara, ndipo kipewe namba ya kudumu, na baada ya hapo jina.

Jina nimeshalichagua. Kanuni inataka lisizidi herufi 16. La kiongozi wetu lingeenea vizuri tu, ila halitakuwa hilo.