Kupima akili ya hisia kwa Kiswahili: dodoso lipi, na je, mada hii inaweza kumbeba mhadhiri?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Tabora, nafundisha uongozi wa elimu. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamivu kuhusu akili ya hisia ya wakuu wa shule za sekondari mkoani Kigoma, na jinsi inavyogusa ari ya walimu wao. Nimepata madodoso manne, yote ya Kiingereza, na sijui nichukue lipi. Halafu mjumbe mmoja wa jopo ameniambia mada hii ni ya wahamasishaji, si ya wanataaluma, nitafute nyingine. Je, yuko sahihi? Na nikiishikilia, itanifikisha wapi kikazi?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo mjumbe, maana neno lake limekukaa moyoni kuliko hayo madodoso.

Kwa mada amekosea, ila hofu yake ina msingi. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliandika makala yao mwaka 1990, wakaieleza akili ya hisia kama uwezo halisi: kuzitambua hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Miaka 5 baadaye kikatoka kitabu cha Daniel Goleman, mwandishi wa habari mwenye uzamivu wa saikolojia, na jina hilo likaenea dunia nzima. Lilipoenea likabebeshwa kila kitu: bidii, matumaini, uvumilivu, hata ucheshi. Hapo ndipo wahamasishaji walipoingia. Utawasikia wakisema asilimia 80 ya mafanikio ya mtu hutokana na akili ya hisia. Usiiandike sentensi hiyo popote. Chimbuko lake ni makadirio kwamba akili ya darasani inaeleza kama asilimia 20 ya mafanikio ya mtu, watu wakachukua 80 iliyobaki na kuikabidhi akili ya hisia, kana kwamba hakuna familia aliyozaliwa, afya, mtaji wala bahati. Mayer na Salovey wenyewe waliipinga hesabu hiyo. Jopo likiikuta kwenye pendekezo lako, litafunga faili.

Sasa dodoso. Kabla ya kuuliza lipi, amua unapima nini, kwa sababu madodoso hayo ni ya koo tofauti. MSCEIT ni mtihani: mtu anaoneshwa nyuso na visa, anajibu, anapata alama. Toleo lake lililozoeleka katika tafiti lina maswali 141, unauzwa na kampuni ya Toronto, na picha zake hazikutengenezwa kwa ajili ya mwalimu wa Kibondo. Kwa bajeti ya mwanafunzi wa uzamivu, uache. Ukoo wa pili ni ule wa Bar-On na Goleman, unaochanganya uwezo na tabia. Wa tatu, wa K. V. Petrides, unaichukulia akili ya hisia kama sehemu ya haiba, yaani tabia za kudumu za mtu. Kisha kuna WLEIS ya Chi-Sum Wong na Kenneth Law ya mwaka 2002: sentensi 16 tu, makundi manne ya sentensi nne nne, na zote zimechapishwa ndani ya makala yao. Inafuata fikra za Salovey na Mayer, lakini mtu anajipima mwenyewe. Ningekuwa wewe ningeichukua hiyo, nikijua wazi udhaifu wake: anayejipima anakuambia anavyojiona.

Ila usidhani ukishaichukua umemaliza. Kazi yenyewe ndiyo inaanza hapo.

Neno "hisia" litakusumbua. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na mwanafunzi wangu kwenye ofisi ya walimu ya shule moja wilayani Kasulu, baada ya kipindi cha mwisho, tukijaribu tafsiri yetu ya kwanza. Kutafsiri tulitafsiri kwa utaratibu unaofundishwa tangu Richard Brislin aliposhauri mwaka 1970: mmoja anapeleka kwenye Kiswahili, mwingine asiyeona asilia anarudisha kwenye Kiingereza, kisha tunalinganisha. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Mwalimu wa nidhamu akasoma: "Ninatambua hisia za rafiki zangu kutokana na matendo yao." Akaweka kalamu chini. "Hisia za nini? Kuna mtu mnamhisi hapa?" Kwake kumhisi mtu ni kumshuku. Mwalimu wa kike kwenye meza ya pili, kijana, akacheka akaziba mdomo kwa daftari. Yeye alidhani tunauliza mambo ya mapenzi. Sentensi moja, watu wawili, maana mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa yetu. Kompyuta ingezichukua namba zao zote mbili bila kulalamika.

Tuliifuta. Tukaandika: "Rafiki yangu akikasirika au akihuzunika, huwa najua kwa kumtazama kabla hajaniambia." Mwalimu wa nidhamu akaisoma mara moja, akatia alama, akageuza ukurasa.

Kwa hiyo kutafsiri na kurudisha hakutoshi. Kabla ya kuchapa dodoso, kaa na walimu 10 hadi 15, mmoja mmoja, kila mmoja asome sentensi kwa sauti kisha akueleze kwa maneno yake ameelewa nini na kwa nini amechagua jibu lile. Andika anavyosema, neno kwa neno. Chagua wanaotofautiana: mzaliwa wa Buhigwe aliyekulia kwenye Kiha, aliyehamishwa kutoka Tanga, mkongwe wa kustaafu, mgeni wa ajira mpya. Kiswahili chao si kimoja, hata wakikaa ofisi moja.

Kuna sentensi nyingine zinazohitaji jicho la karibu zaidi, zile za kutawala hisia. Kwa Kiingereza zinauliza kama mtu anaweza kujidhibiti. Ukiziweka kwa Kiswahili, mkuu wa shule atakuambia, "Mimi nikikasirishwa namezea." Naye anajisifu, maana kwetu anayemezea ni mtu mzima. Lakini kumezea si sawa na kupoa. Mwanasaikolojia James Gross na wenzake wamezitenganisha njia hizi mbili kwa miaka mingi: kuna kulitazama jambo upya mpaka hasira yenyewe ipungue, na kuna kuificha usoni huku inaendelea kuchemka ndani. Ya kwanza kwa kawaida humwacha mtu na nafuu. Ya pili humchosha, na mara nyingi humweka mbali na wenzake. Mkuu anayemezea tangu Januari ndiye anayelipuka siku ya kikao cha matokeo, walimu wakashangaa yametoka wapi. Dodoso lako likiwapa anayemezea na anayepoa alama moja, limepoteza jambo ambalo walimu wa Kigoma wangekuambia bure. Ongeza kipimo cha Gross na Oliver John cha mwaka 2003: sentensi 10 tu, 6 za kulitazama jambo upya na 4 za kuficha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo mchango wa uzamivu wako, kuliko kwenye kurudia kuonesha kwamba akili ya hisia "ina uhusiano" na ari.

Sasa kosa linaloua tasnifu nyingi za eneo hili: kumpa mkuu wa shule dodoso moja ajipime akili ya hisia, ajipime uongozi, kisha akupimie na ari ya walimu wake. Utapata uhusiano mkubwa wa kupendeza, lakini sehemu yake kubwa ni mtu mmoja anayejisemea vizuri mara tatu. Mkuu ajipime yeye. Ari waseme walimu. Na uongozi wake waueleze walimu, hata kama unatumia dodoso la uongozi la Bass na Avolio, ambalo nalo lina leseni ya kulipia. Madodoso ya walimu yasikusanywe na mkuu wala makamu wake. Mpe kila mwalimu bahasha, aifunge mwenyewe, akukabidhi wewe mkononi. Mwalimu akijua karatasi yake itapita mezani kwa mkuu, atakuandikia pongezi tupu.

Kwenye hesabu, jiandae kwa swali la jopo. Tuseme umechukua shule 60 kutoka halmashauri 8 za Kigoma, walimu 6 kila shule. Una walimu 360, ndiyo, lakini wakuu ni 60, na swali lako ni la wakuu. Walimu wa shule moja hufanana, wanakula mazingira mamoja. Ikiwa asilimia 20 ya tofauti za majibu inatokana na shule, basi walimu 6 wa shule moja wanapunguza nguvu ya sampuli kwa nusu: moja, jumlisha tano mara 0.20, unapata 2. Wale 360 wanabeba taarifa za watu 180. Tumia uchambuzi wa ngazi mbili, ya mwalimu na ya shule, na kati ya kuongeza walimu na kuongeza shule, ongeza shule. Nauli ya Kakonko na Uvinza itauma, ila uipangie bajeti mapema.

Pima na haiba pia, kwa dodoso fupi la tabia kuu 5. Watafiti Dana Joseph na Daniel Newman walipounganisha tafiti nyingi mwaka 2010, waliona kwamba ukishaondoa haiba na akili ya kawaida, ile akili ya hisia inayopimwa kwa mtihani hubaki na uzito zaidi kwenye kazi zinazomtaka mtu aongoze sura na sauti yake mbele ya watu. Ualimu ni kazi ya namna hiyo, kwa hiyo una sababu nzuri ya kuuliza. Bila kupima haiba, mkosoaji atakuambia umewapima watu wapole ukawaita wenye akili ya hisia.

Vibali unavijua: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa wakurugenzi wa halmashauri. Anza miezi mitatu kabla.

Kuhusu kazi. Uzamivu utakutoa uhadhiri msaidizi ukawa mhadhiri. Kutoka hapo kwenda mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, kinachokubeba zaidi ni machapisho. Tazama unachokuwa nacho mkononi: dodoso la Kiswahili lililojaribiwa kwa walimu wa Kitanzania, lenye takwimu za kuonesha kama yale makundi manne yanasimama, na kama yanasimama sawa kwa wanaume na wanawake. Hiyo ni makala ya kwanza, na wengine wakilitumia watakunukuu. Makala ya pili ni kumezea na kupoa. Ya tatu inaweza kuwa ya maneno yenyewe. Kiswahili kina haya, aibu, soni na fedheha, na mwalimu akikaripiwa mbele ya wanafunzi anajua ni lipi kati ya hayo limempata. Hakuna dodoso la Toronto litakalomuuliza hivyo. Ni wewe wa kumuuliza.

Nje ya darasa pia una pa kwenda. ADEM, wakala wa serikali wa uongozi wa elimu, hufundisha viongozi wa shule, na Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapo hapo Tabora. Mafunzo ya uongozi wanayo tayari. Unachoweza kuwapelekea wewe ni kipimo cha kabla na baada, ili ijulikane kama mkuu aliyekaa mafunzoni siku 5 amerudi shuleni na kitu. Utaalikwa pia kuhamasisha kwenye makongamano. Nenda ukipenda, lakini sema kile tu ambacho data zako zimekionesha. Sisi wa fani hii tumeumizwa vya kutosha na waliosema zaidi.

Anza na zile sentensi 16. Zitafsiri wiki hii, tafuta walimu watatu hapo Tabora, usisubiri mpaka ufike Kigoma, kisha niandikie walipokwama. Nataka hasa kujua wamesemaje kwenye zile nne za mwisho, za kutawala hisia.